Shiti Moja, Vipande Vinane: Shajara ya Mradi

Jumamosi, 3 Februari 2024

Shiti ya hadibodi imefika. Ni futi nane kwa nne, na fundi seremala wa jirani hapa Mwananyamala ameikata kwa msumeno vipande vya futi mbili kwa mbili. Vimetoka vinane kamili, kilichobaki ni vumbi la kahawia miguuni mwake. Wageni huuliza kwa nini picha za Tingatinga, mtindo wetu wa kuchora wanyama, aghalabu ni mraba wa sentimita 60 kwa 60, wakidhani kuna jambo la kimila ndani yake. Jambo lenyewe ndilo hilo. Ukigawa shiti kwa futi mbili hupati hasara.

Mradi umeanzia kwenye fomu. Kuna maonyesho yanayopokea maombi hadi tarehe 31 Mei, na fomu yao ina maswali kumi na mawili. Kumi na moja niliyamaliza chai ikiwa bado ya moto. La mwisho linasema: eleza kwa maneno 200 kwa nini unachora. Nimelijaza mara tatu na kulifuta mara tatu. Kwanza niliandika habari za utamaduni. Kisha nikaandika kwamba nimeipenda sanaa tangu utotoni, na huo ni uongo, utotoni nilipenda rede na ubuyu. Mara ya tatu niliandika "ili kuitangaza Tanzania duniani", nikacheka peke yangu, maana wiki hiyo nilikuwa nimetoa twiga kumi na mmoja wanaofanana hadi kope.

Nachora kwa ajili ya kula tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili. Sasa nina arobaini na tatu na swali la mstari mmoja limenishinda.

Basi nimejiwekea kazi. Vipande vinane, hakuna aliyeviagiza, na vyote vitatokana na mabango ya baba. Marehemu alikuwa fundi wa mabango Tanga: kuta za maduka, milango ya malori, mbao za vinyozi na mafundi cherehani. Kaka yangu alipandishwa ngazini akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa msichana mwenye gauni, kwa hiyo nilibaki chini. Nilishika ngazi, nikachanganya rangi na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Baba akimaliza mstari hushuka hatua mbili, anaulizia begani, "Inasomekaje huko chini?" Nami nasoma kwa sauti. Na kila bango lilipokaribia kwisha aliniachia mstari wa chini kabisa, ule ninaoufikia nikiwa nimesimama ardhini. Mara nyingi ulikuwa neno moja tu, KARIBUNI.

Kila kipande kikikauka nitaandika hapa kwa nini nimekichora, bila kupamba. Mwisho nitachota maneno 200 humu humu.

Rangi nilizonazo: nyeupe, nyeusi, nyekundu, buluu na manjano, zote za mafuta. Kijani nachanganya mwenyewe. Brashi nene mbili, nyembamba nne, moja ya nywele tatu nne kwa ajili ya doti.

Jumanne, 13 Februari

Kipande cha 1. Kinyozi.

Hili ndilo bango la mwanzo kabisa ninalolikumbuka: vichwa vinne vya wanaume vikitazama upande mmoja, kila kimoja na mkato wake, na juu yake KINYOZI WA KISASA. Nimepiga praima upande laini wa hadibodi, nikasugua kwa msasa, rangi ya chini mikono miwili, siku moja kati ya mkono na mkono. Hadi hapo kila kitu sawa.

Kisha vichwa vikatoka kama chui. Sina namna nyingine ya kulisema. Macho ya duara makubwa, masikio ya kuchongoka, na kabla sijashtuka nimeshaanza kupiga doti kwenye mashavu. Miaka ishirini na moja ya kuchora wanyama imeufanya mkono wangu kama punda wa Lamu, ukimwachia kamba anakwenda zake nyumbani. Nilifuta kwa tapentaini mara mbili. Mara ya tatu niliacha. Ni picha nzuri tu, mwenye duka la Msasani angeichukua leo.

Kwa nini nimekichora: kwa sababu kilionekana rahisi.

Jumapili, 25 Februari

Kipande cha 2. Nyayo.

Nilipojaribu kumchora baba akiwa kazini sikuweza kuuona uso wake. Nilichoona ni makatambuga. Baba alivaa makatambuga ya tairi hadi ngazini, na mimi niliyeshika ngazi nilikaa nikitazama nyayo za tairi, zile alama za zigizaga, zikiwa na matone ya rangi ya kila kazi aliyowahi kuifanya. Nyekundu ya duka la nyama. Buluu ya zahanati. Ukiniambia nimtambue baba yangu kati ya watu mia, walazeni chali mnioneshe miguu.

Kwa hiyo kipande chote ni makatambuga mawili yanayotazamwa kutoka chini, vidato viwili vya ngazi, na juu kabisa kipande kidogo cha anga. Hakuna doti hata moja. Nimefanya kazi siku nne mfululizo, na siku ya tatu niligundua kwamba nimekunja taya hadi linauma.

Sikuwa na huzuni, na ingekuwa vizuri kusema nilikuwa nayo. Nilikuwa na hasira. Kaka hakuipenda kazi ile. Alipanda akinuna na kushuka akinuna, mistari yake ilipinda, baba akairudia. Mimi chini pale nilikuwa najua umbali wa V na A unavyopaswa kubanwa, najua O inabidi ivuke mstari kidogo juu na chini la sivyo itaonekana fupi kuliko wenzake, na hakuna aliyeniuliza.

Kwa nini nimekichora: wivu.

Nimeliandika, silifuti.

Jumatatu, 11 Machi

Kipande cha 3 kilipaswa kuwa duka la mchele. Kimekuwa tembo.

Kodi ya miezi mitatu imefika na mwenye nyumba hataki habari za mabango ya baba. Nimemchora tembo mmoja, mbuyu mmoja, ndege saba, jua la machungwa linaloyeyukia kwenye manjano kwa kitambaa rangi ikiwa bado mbichi. Siku mbili. Kimeuzwa kabla ya kukauka sawasawa, nimemwonya mnunuzi asikiguse pembeni.

Nilitaka kuona aibu, nikashindwa. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, hakuanza kwa kutafuta nafsi. Aliwahi kupita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani kwa mzungu. Inasimuliwa kwamba aliona picha za Wakongo zikiuzwa mjini, akasema hata mimi naweza. Mwaka 1968 hivi akachukua hadibodi na rangi za baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwepo na ndizo za bei, na mkewe Agatha akaziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, walikopita wageni wenye fedha. Miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mtu mwingine. Miaka minne ya kazi, na nusu karne baadaye mimi nalipa kodi kwa tembo wake.

Wasomi wa sanaa hupenda kuiruka sehemu ya "hata mimi naweza" wakakimbilia ishara na mizimu. Mimi naiona ndiyo sehemu yenye utamu. Mtu ametazama kitu sokoni, akarudi nyumbani, akajaribu.

Kwa nini nimekichora: kodi. Kesho mwezi ukionekana tunafunga.

Alhamisi, 28 Machi

Kipande cha 4. Duka.

Nafanya kazi usiku baada ya tarawehe, mchana harufu ya tapentaini na tumbo tupu haviivi chungu kimoja. Nimeamua kipande hiki kiwe herufi peke yake, bila mtu wala mnyama: MCHELE, SUKARI, UNGA, mistari mitatu nyekundu juu ya nyeupe ya maziwa, na KARIBUNI kwa buluu chini.

Nieleze kidogo namna baba alivyofanya, maana mafundi wenyewe wanapungua. Uzi unapakwa chaki, mmoja anashika huku mwingine kule, unavutwa katikati na kuachiwa, tap, mstari umenyooka kuliko rula. Herufi zinachorwa kwa chaki kwanza, halafu brashi. Mkono wa kulia unaegemezwa kwenye kijiti kilichofungwa kitambaa ncha moja, ili usiguse rangi mbichi. Kivuli cha herufi huwekwa kushoto na chini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mambo ya jua. Kumbe ni uvivu wenye akili: B, D, E, K, P na R zote zina mgongo wima upande wa kushoto, ukiweka kivuli huko unavuta mstari mmoja ulionyooka na kumaliza. Jaribu kukiweka kulia uone utakavyohangaika na matumbo ya B.

Mkono haukunitoroka safari hii. Herufi hazina macho.

Kuna jambo limekuwa likinizunguka. Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyezaliwa mwaka uleule wa 1932 na kufungua na wenzake jumba la sanaa la Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa msemo kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Niliusikia nikiwa na miaka kama thelathini, siku ambayo meza yangu ilikuwa na simba sita wa aina moja, na nilikosa raha wiki nzima. Sasa hapa nimenakili bango la baba, ambaye naye aliziiga herufi zake kwenye magazeti na makopo ya maziwa. Sioni aliyelala. Niliporudia ile K ya MCHELE... hapana, MCHELE haina K, nilikuwa nimeshafika SUKARI. Niliporudia ile K nilijua kiwiko cha baba kilikuwa wapi. Simba wa sita hanipi kitu kama hicho.

Kwa nini nimekichora: kuhakikisha kwamba ningeweza. Ile mistari ya juu. Nimepanda ngazi nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Ijumaa, 12 Aprili. Tanga

Idi ilikuwa Jumatano. Jana nilipanda basi Mbezi asubuhi, Chalinze, Segera, tukapita Muheza, muda wa saa sita barabarani, mtoto wa kiti cha mbele akila machungwa na kunirushia kokwa. Waja leo waondoka leo, ndivyo wanavyosema watu wa Tanga kuhusu wageni, na mimi nimekuwa mmoja wao.

Mama yuko Makorora nyumba ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hizo rangi zinakunywa damu."

Asubuhi nilikwenda kwanza kwa kaka. Ana fremu na mashine ya kuchapa mabango, ile inayopitisha turubai la plastiki huku na kutoa picha kule. Sikwenda kugombana, lakini nilikuwa nimejiandaa endapo. Akanikalisha, akaagiza kahawa na kashata, akanionesha bango la harusi la mita tatu likitoka. "Mdogo wangu, hili baba angelifanya siku tatu. Mimi kahawa haijapoa." Nikamwambia angalau yeye alipandishwa ngazini. Alinitazama kama nimemwambia kitu kwa Kichina.

"Ngazi ilikuwa inanitia kizunguzungu," akasema. "Kila siku nilikuwa naomba mvua."

Hakuwahi kusema, mimi sikuwahi kuuliza. Tulikunywa kahawa. Mashine ikaishiwa wino mwekundu, akainuka kwenda kubadilisha.

Mchana nilizunguka Ngamiani na karatasi yenye orodha ya mabango kumi na manne ninayoyakumbuka, barabara kwa barabara. Kumi na mawili hayapo. Baadhi ya kuta zimevunjwa, nyingi zimepakwa rangi moja na makampuni ya simu kutoka msingi hadi paa. La kumi na tatu limebaki herufi mbili juu ya mlango, ND, nami sikumbuki ndimu au ndoo. La kumi na nne lipo. Ni duka la fundi cherehani, chini ya baraza pana, ndiyo maana jua na mvua havikulifikia. Mistari ya juu ni safi hadi kivuli. Nikaangalia chini kutafuta mstari wangu.

Hakuna. Pale ulipokuwa pana benchi la wateja, na ukuta nyuma yake umesuguliwa na migongo ya watu miaka thelathini, umeng'aa kama umepakwa samli. Ukikaza macho unaona buluu kidogo, labda ni mguu wa K. Juu kusikofikiwa na mtu kumebaki. Fundi aliniuliza natafuta nini, nikamwambia hakuna kitu, nikanunua uzi ambao siuhitaji.

Usiku nikamweleza mama. Tulikuwa tumemaliza wali wa nazi, tumekaa uani. Nikamwambia nachora mabango ya baba, nikamweleza habari za nyayo, za kushika ngazi. Akacheka hadi akajifuta macho kwa upande wa kanga.

"Ngazi uishike wewe? Ilikuwa na kamba. Aliifunga dirishani kila mara, mwanangu, wewe ulikuwa na uzito gani wa kushika ngazi?"

"Sasa nilikuwa nafanya nini pale?"

"Ulikuwa unasoma."

Nitaandika alivyosimulia, nisije nikasahau. Baba alizaliwa vijijini Handeni, na ulimi wake ulizichanganya r na l hadi anaingia kaburini. Hilo nalijua, tulimtania nyumbani. Nisichojua ni kwamba alivyosema ndivyo alivyoandika. Kazi ya herufi aliianzia kwenye kiwanda cha shamba la mkonge, akipiga chapa kwenye robota za katani kwa bati lililotobolewa. Pale hasomi mtu, unapaka rangi tu juu ya matundu. Zama hizo mkonge ulikuwa mfalme. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kamba za plastiki zilipoenea duniani na bei ikaanguka, mashamba yakapunguza watu, baba akaja mjini na mkono mzuri wa herufi na elimu ya kisomo cha watu wazima, masomo ya jioni. Akapata kazi ya duka la Mpemba mmoja, akaandika herufi nyekundu zenye urefu wa mkono: MCHERE.

"Mtaa ulicheka wiki nzima," mama akasema. "Watoto wakawa wanaimba. Akaenda kuufuta usiku, peke yake, na taa ya chemli. Wewe ulikuwa darasa la tatu, wa kwanza kwa kusoma. Toka siku hiyo hakwenda kazini bila wewe."

Kaka je, hakujua kusoma? Kaka, mama akasema, alikuwa na ulimi wa baba.

*Inasomekaje huko chini?* Nilidhani ananifundisha.

Na KARIBUNI ina R.

Jumamosi, 4 Mei

Dar es Salaam. Kimbunga Hidaya kimekaribia pwani, boti za Unguja zimesimamishwa, na tangu jana ni upepo na mvua ya kulala. Hakuna kinachokauka. Rangi ya mafuta kwenye unyevu huu inabaki na ngozi juu na maji chini, ukigusa kidole kinazama. Kipande cha 5, robota za katani zimepangwa hadi darini na chapa nyeusi ubavuni, kiko hivyo siku ya sita. Nilitaka kuzimua kwa petroli ili kikauke haraka, nikakumbuka inaua mng'ao. Nasubiri.

Kwa sababu ya kusubiri nimerudi kwenye kipande cha 4. Nimeisugua ile L ya MCHELE kwa msasa mwembamba na kuandika R juu yake, halafu nikaisugua R nayo na kuirudisha L, lakini si yote. Ukisimama mbali ni MCHELE. Ukisogea unaona mguu wa R ukichungulia chini ya nyeupe. Bila shaka ukuta ule wa Mpemba ulikuwa hivyo asubuhi yake.

Sijui kama ninamwaibisha mzee. Nimempigia mama kumuuliza. Akasema aibu ilikwisha 1991, chora.

Kwa nini nimekichora mara ya pili: sijaelewa bado. Hasira ile ya Februari naitafuta siioni, na nimegundua kwamba ilikuwa inanisaidia kuamka.

Jumapili, 19 Mei

Kipande cha 5 kimekauka, ni cha kawaida. Kipande cha 6, mama akiwa uani, nimekiharibu. Kila nilipougusa uso wake ulizidi kuwa wa mtakatifu, na mama si mtakatifu, mama ni mtu wa kucheka hadi ajifute machozi kwa kanga. Nimekisugua chote. Kimebaki hadibodi yenye doa la waridi.

Kipande cha 7 nimekifanyia kazi siku tisa. Ni ukuta wa fundi cherehani. Juu, herufi zote na vivuli vyake, kwa uzi wa chaki kama inavyotakiwa. Chini, benchi tupu, na nyuma ya benchi ule mng'ao. Herufi ni kazi ya jioni mbili. Mng'ao umekula siku saba. Unatakiwa uonekane kwamba palikuwa na kitu pakaguswa sana hadi kikaondoka, na rangi ya mafuta haipendi kuonesha kisichokuwepo. Nilichofanya mwishoni: niliandika KARIBUNI kwa buluu, herufi kamili, nikaacha ikauke siku mbili, kisha nikakaa nikaegemea. Kweli. Nilivaa dera la zamani lenye mafuta ya nazi mgongoni, nikaweka kipande ukutani kwenye baraza langu, nikaketi nikisugua mgongo huku nachambua mchicha. Jirani akauliza kama ninawashwa. Asubuhi na jioni, na msasa laini kidogo pale mgongo ulipochelewa.

Imebaki buluu kidogo, labda ni mguu wa K.

Kwa nini nimekichora: nilitaka kuwa na mgongo wangu kati ya ile migongo mingine. Hili ni jibu la ajabu, lakini nikilisoma tena silioni kuwa la uongo, na katika shajara hii yako mawili matatu ambayo sasa nayatilia shaka. Kodi, kwa mfano. Kodi ilikuwa kweli, lakini mbona wale ndege saba? Mnunuzi alilipia tembo. Ndege wangetosha watatu.

Jumapili, 2 Juni

Fomu sijaituma. Tarehe 31 ilinikuta napiga msasa.

Jumamosi, 8 Juni

Kipande cha 8.

Mama lishe wa pale kona ana meza mpya chini ya mwarobaini na hana bango. Akaniuliza kama "zile mbao zako" zina kazi. Tukaelewana shilingi elfu ishirini na tano na chakula cha wiki. Hadibodi hunyonya maji kama mkate, kwa hiyo nimeipaka nyuma na mbele na kingo zote nne mikono mitatu, la sivyo masika yajayo itavimba na kupasuka. Nyekundu juu ya manjano. WALI SAMAKI. WALI MAHARAGE. UGALI NYAMA. PILAU. Uzi wa chaki umeshikwa na binti yake wa darasa la nne. Kivuli kushoto na chini. Herufi nimezinyoosha hadi kingo ili zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, nafasi yote imejaa, nikajisifu.

Leo asubuhi tumelipigilia misumari mtini, mimi nimesimama juu ya stuli na binti kule ng'ambo kwenye kibanda cha vocha.

"Inasomekaje huko?"

Akasoma mstari kwa mstari, kwa sauti ya darasani, L zote na R zote mahali pake.

Haijafika robo saa amesimama kijana wa bodaboda, akasoma, akazima pikipiki, akaagiza pilau. Mama lishe akanigeukia. Pilau ni Ijumaa tu.

"Andika basi hapo chini," akasema, "Ijumaa."

Hapakuwa na hapo chini. Nimetafuta. Baba aliacha vidole vinne chini ya kila bango, kila siku, miaka yote, na mimi nikadhani ni vyangu. Mwenye bodaboda ameridhika na wali maharage. Mimi nimemtuma binti nyumbani akalete brashi ya doti, ile ya nywele tatu nne, nione kama IJUMAA inaweza kuingia kati ya PILAU na ukingo, na huku namsubiri, mama lishe ananiambia kwamba kwa kweli na samaki si wa kila siku.